Upumbavu na Moto wa Kilio

Katika uwanja wangu neno upumbavu halisemwi ovyo. Wajukuu wangu wanalijua katazo hilo hata kama sababu yake hawaijui, na leo nimemketisha mmoja wao mwenye mwandiko mzuri ili aiandike kama ninavyoitamka. Mimi sikupelekwa shuleni. Herufi sizijui, lakini maneno nayajua kwa uzito, kama mwanamke wa sokoni anavyomjua samaki kwa kumpima mkononi kabla ya kumweka kwenye beseni.

Watoto wa sasa hulirusha neno hilo kwa sababu ya mpira uliopita pembeni au simu iliyosahauliwa bila chaji. Nawasikia: "We mupumbavu kweli," na mwenzake anacheka. Mtu aliyekosa mpira amekosa mpira, basi. Marehemu mama yangu, ambaye naye hakusoma, alinifundisha kuyatenganisha mambo haya tangu nikiwa mdogo. Ujinga ni wa mtu ambaye jambo halijamfikia. Mtoto anayeshika kaa la moto kwa mara ya kwanza hupakwa mawese kidoleni, na mambo yanaisha hapo. Mtu wa Bibokoboko, kule milimani kwa wafugaji, anayeshuka ziwani na kusimama wima katika mtumbwi ni mjinga wa mtumbwi, kama mimi nilivyo mjinga wa ng'ombe, na hakuna aibu kwa yeyote kati yetu. Wazimu nao ni ugonjwa, na mgonjwa hatukanwi. Upumbavu ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa mjinga peke yake chumbani mwake, lakini upumbavu mkubwa unahitaji wasaidizi. Mimi niliuona ukijengwa beseni kwa beseni, mchana kweupe, kwa mikono ya watu ninaowapenda.

Ilikuwa katika ile miaka ambayo ziwa lilipanda.

Dhoruba tunazijua. Zina sauti, zina saa zake, na mtu huvuta mtumbwi wake juu na kungoja. Kupanda huku hakukuwa na sauti yoyote. Jua liliwaka, maji yalitulia kama mafuta katika sufuria ambayo haijachemka, na hata hivyo, ukishuka asubuhi kuanika ndakala, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, ulikuta mchanga umepungua kwa upana wa mkeka. Tukasema ni mvua za juu. Kisha maji yakaanza kutoka chini. Ukichimba shimo la nguzo, lilijaa kabla hujaleta nguzo yenyewe. Sakafu ililowa ndani ya nyumba ilhali mlangoni palikuwa pakavu. Mipapai ilikufa imesimama. Vyura, ambao hupiga kelele kila mahali penye maji, walinyamaza kwa pamoja, na hilo lilinitisha kuliko mengine yote. Majirani waliohama walifunga kufuli kana kwamba wanakwenda sokoni tu, na ukipita kwa mtumbwi karibu na madirisha yao uliona samaki wadogo wakizunguka miguu ya kitanda.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa ameolewa hapo chini, upande wa Lweba. Mume wake alikuwa mvuvi. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua wakati maji yalikuwa bado mbali na uwanja wake, akazikwa mlimani. Mchungaji aliomba vizuri, akarudi kwake. Lakini kilio hakikuishia makaburini. Katika ukoo wa marehemu, ukoo wa watu wa Ubwari ng'ambo ya maji, mtu akifa moto huwashwa uwanjani mbele ya mlango wake, na moto huo hauzimwi wala hauhamishwi hadi siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo kaka mkubwa wa marehemu huumwagia maji, mtoto wa kwanza wa marehemu akiwa pembeni yake, kisha mjane hunyolewa. Kabla ya hapo mjane halali kitandani, haendi sokoni, hasalimii kwa mkono. Hulala kwenye mkeka karibu na mlango, mahali ambapo moto unamwona. Husemwa kwamba marehemu bado anauota moto huo. Ukiuhamisha, umemwacha gizani, na mtu wa kwanza atakayemuuliza ni mke wake.

Moto wa kilio hiki ulikawia. Mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na kila aliposhika simu alisema yuko njiani. Mkubwa wa marehemu, mzee aliyevuka kutoka Ubwari kwa ajili ya maziko, alikaa hapo akimngoja. Nilimheshimu mzee huyo na bado ninamheshimu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hakuna siku aliyomtuma mdogo wangu maji bila kumwita mama kwanza.

Asubuhi moja tulikuta maji yameingia uwanjani na kuukaribia moto.

"Tuiinue kidogo tu," mzee akasema.

Mtu mmoja akaleta beseni la udongo. Wakasogeza makaa kwa jembe upande mmoja, wakamwaga udongo, wakayarudisha makaa juu yake, kisha wakafanya hivyo hivyo upande wa pili, ili moto usiondoke mahali pake hata kwa kitambo. Ilikuwa kazi ya uangalifu, na watu waliifurahia.

"Lete ingine, shemeji. Moto inataka muto ya kulalia."

"Ngoja basi, mi si mashini."

"Haupana mashini, lakini ile ugali ya asubuhi uliikula sawa mashini."

Walicheka, na mdogo wangu naye alitabasamu pale kwenye mkeka, mara ya kwanza tangu afiwe. Udongo waliutoa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, kwa sababu pengine pote palikuwa na mchanga mtupu uliolowa, na mchanga haukai. Huko nyuma kulikuwa na udongo mwekundu mzuri, mkavu, unaoshikana.

Kesho yake waliinua tena, na siku iliyofuata vilevile. Moto ukawa na kilima chake. Maji yalipoenea uwanja mzima, kilima kilibaki katikati kama kisiwa, na sisi tulikata maji kwa miguu tukibeba kuni vichwani ili kuulisha. Wapita njia kule barabarani walisimama kutazama moshi ukipanda kutoka ziwani, mahali pasipo na chombo. Wengine walifanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyetushukia kutuuliza.

Siku moja nilizunguka nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwa refu kama ukuta wenyewe, limejaa maji maangavu, na chini yake uliweza kuona mahali ambapo tofali la kwanza lilikuwa limeanza kuning'inia. Nyumba ile ilijengwa kwa matofali yasiyochomwa. Nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi na laini kama tumbo la samaki. Lakini lililonisimamisha hapo si ukuta. Ni namna shimo lilivyochimbwa. Kila aliyekuja na beseni alikuwa ameacha kidogo mahali alipochimba mwenzake, akaenda hatua moja pembeni. Hakuna aliyetaka kuwa yeye aliyeufikia msingi. Maana yake ni kwamba kila mmoja alikuwa ameona. Waliona, wakajaza beseni, wakarudi mbele wakitaniana. Kama mjukuu wangu atauliza upumbavu una sura gani, una sura ya shimo lile, lililonyooka vizuri kwa sababu ya watu waliokuwa wakiukwepa msingi.

Siku hizo nilikuwa nalala na mdogo wangu ili asiwe peke yake. Kulipopambazuka, saa ambayo wavuvi hurudi na mitumbwi yao, nilisikia mtu akinawa miguu mlangoni. Maji yalimwagika taratibu, mguu ukasuguliwa kwa mguu, kimya kidogo, kisha mguu wa pili. Marehemu alikuwa na desturi hiyo. Hakuwahi kuingia ndani na matope.

"Umesikia, yaya?" mdogo wangu akaniuliza mimi dada yake mkubwa, bila hofu yoyote.

"Ni maji inapiga kizingiti. Lala."

"Maji haikohoagi."

Kikohozi nami nilikuwa nimekisikia. Wanaume walikuwa wamehamia kulala kwa majirani, juu, penye ukavu. Uwanjani hapakuwa na mtu.

"Anasikia haya kuingia," mdogo wangu akasema. "Ndani kumelowana sana."

Nilipofungua mlango, maji yalikuwa yamefika kwenye kizingiti, yametulia kabisa, na kilima kilikuwa mahali pake, moto ukiwaka bila kuyumba. Juu ya jiwe ambalo marehemu alizoea kukanyaga palikuwa na unyevu. Jiwe hilo lilikuwa bado juu ya maji. Ninaeleza nilichokiona, wala siongezi.

Asubuhi hiyo hiyo nilimfuata mzee, nikaongea naye pembeni kwa sauti ya chini, kama inavyofaa kuongea na mtu wa ukweni.

"Shemeji, ukuta ya nyuma inakwisha. Mi sitaki kumuzika mudogo yangu mu kilio ya bwana yake."

"Na mi nimeona, mama," akasema. "Nitazungumuza na marehemu mudogo yangu pale ku moto. Nitamwambia tunapanda naye kwako, asiogope njia. Jua ikipunguka tutabeba makaa."

Halafu akaanza kutafuta chungu kilichovunjika. Alikipata kwa jirani, akatandika majivu ndani yake kwa mkono wake mwenyewe. Ninataka ieleweke kwamba mzee huyu alikuwa karibu kufanya jambo ambalo baba zake hawakulifanya. Mtu anayefanya jambo la namna hiyo hahitaji msaada mwingi. Anahitaji tu watu wasimkodolee macho.

Alasiri mwanangu akafika kwa pikipiki kutoka mjini Baraka. Alikuwa amesikia habari, na moyo wake ulikuwa umechemka njia nzima. Majirani walikuwa wamesimama ukingoni, kama walivyozoea, wakitazama moshi. Mwanangu hakushuka hata kumsalimu mtu. Alisimama mbele yao wote akapaza sauti:

"Baba mukubwa, hii ni bupumbavu. Munataka mama mudogo akufe juu ya kijinga kimoja cha kuni?"

Kila neno alilolisema lilikuwa la kweli. Ukingo mzima ukageuka kumtazama mzee. Mzee alikuwa kando ya moto, ameshika chungu kwa mikono miwili, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona uso wake ukijifunga.

"Kumbe mi ni mupumbavu," akasema.

"Sikusema weye, baba. Nimesema hii kintu."

"Hii kintu ni mimi."

Akakiweka chungu juu ya maji, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kilielea kidogo, kikajaa, kikazama. Akaketi juu ya kilima kando ya moto, miguu ndani ya maji. "Beseni iko wapi?" akauliza. "Muinue tena."

Wakaleta udongo. Safari hii hapakuwa na utani.

Aliyepaza sauti siku hiyo ni baba wa huyu anayeandika, na nimemwambia asilifute. Baba yake alikuwa na haki ya kuwa na hasira. Lakini neno lile ni la kumwambia mtu sikioni, mlango ukiwa umefungwa, na mkono wako ukiwa begani mwake. Ukimpa mtu mbele ya watu, atalivaa, na hatalivua tena wakiwa bado wanamtazama.

Mdogo wangu alimwita mwanangu mkekani. Hakumgombeza. "Ungesema pole pole, mwanangu," akamwambia, "saa hii tungekuwa mu njia." Mwanangu akamwomba ainuke waondoke wote wawili. Akakataa. Moto ulikuwa haujaondoka, na yeye alikuwa mtu wa moto ule.

Ukuta ulianguka kesho yake, jua likiwa kichwani. Nilikuwa katikati ya uwanja na kuni. Hakukuwa na kishindo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetua gunia baada ya safari ndefu. Ukuta wa nyuma uliketi chini, ukalala ndani ya shimo letu, mahali tulipokuwa tumeuandalia. Mabati yakashuka upande mmoja. Nikatazama mlangoni, na kupitia mlangoni nikaona ziwa: nyumba imekuwa wazi mbele na nyuma, mwanga umeingia mahali ambapo haujawahi kuingia, na mdogo wangu ameketi katikati ya mwanga huo, mkono shavuni, mkeka umeanza kuelea chini yake. Hakuguswa na tofali hata moja.

Lakini wimbi la ukuta lilipita chumbani, likatoka mlangoni, likapanda kilima. Moto ulitoa sauti moja ndefu. Kisha pakawa na moshi mweupe, na ndani ya moshi mzee amesimama na beseni tupu.

Mwanangu alimbeba mama yake mdogo mgongoni hadi kwangu. Mzee alivuka kurudi Ubwari bila kuaga.

Hapo ndipo neno lilipoenea. Kila aliyekuja kutupa pole alilileta. "Bupumbavu gani ile," walisema wakitikisa vichwa, na waliolisema kwa nguvu zaidi ni wale waliokuwa wamebeba udongo. Mimi niliwapa chai. Jambo lililonikaa moyoni lilikuwa jingine: moto haukuzimwa na mkono wa mtu. Kilio hakikuondolewa. Mdogo wangu aliendelea kulala karibu na mlango wangu, ingawa nje hapakuwa na moto wowote. Nywele zake ziliota, zikafungamana. Mtoto wake wa kwanza alipowasili hatimaye kutoka machimboni, akapiga magoti mbele yake, mama hakumpa mkono. Alimtazama tu kama mtu anayemtazama mgeni kupitia dirisha.

Kila alfajiri alikaa kitako akisikiliza. Kwangu ni mbali na maji.

"Hajui njia ya huku," aliniambia siku moja. "Anatafuta."

Baada ya hapo akaanza kushuka. Nilimkuta mara ya kwanza penye mchanga, mara nyingine maji yakiwa kwenye magoti yake, ameigeuzia nchi kavu mgongo, akisubiri. Nikamshika mkono, akanifuata bila ubishi. Lakini niliuona uso wake, nikajua kwamba asubuhi moja nitachelewa kuamka, na mdogo wangu atakuwa ameenda kumwonyesha mume wake njia.

Nilimwambia mwanangu hayo yote. Alipanda boti kwenda Ubwari, na walichozungumza mlangoni kwa mzee sikijui hadi leo. Mwanangu hajawahi kuniambia nami sikumlazimisha. Ninajua tu kwamba walirudi pamoja, wamekaa ubao mmoja.

Tukaenda asubuhi, ziwa limetulia. Mzee, mtoto wa kwanza, mdogo wangu na mimi tuliingia mtumbwini. Mwanangu alibaki ndani ya maji hadi kifuani, akiushika mtumbwi usiyumbe, juu ya mahali palipokuwa uwanja. Nguzo ya mlango ilikuwa bado imesimama, na kwa hiyo tulipajua mahali pa moto. Ukiinama uliona weusi wa kilima huko chini.

Majirani walikuwa ukingoni tena.

"Banaenda kumwangia ziwa maji," mmoja akasema.

"Pengine iko na kiu."

Kicheko. Halafu mwingine akalisema lile neno, kwa sauti ya kutufikia. Niliona shingo ya mwanangu ikikakamaa, lakini hakugeuka. Mimi niliupima uzito wa neno lile pale pale, nikaupima na uzito wa tuliloliendea, na havikulingana. Kazi yetu haikuwa na maana yoyote kwa mtu anayetazama kutoka ukingoni. Wala haikuchimbua msingi wa nyumba ya mtu.

Mzee alijaza kopo kutoka ziwani. Akaongea na marehemu mdogo wake kwa Kibembe, kwa ile sauti yake ndogo, akamwambia kwamba kuni zimekwisha na watoto wamechoka, apumzike. Kisha akamwaga maji juu ya maji.

Tukangoja, kama watu wanavyongoja mlio wa makaa baada ya kuyamwagia maji. Mimi sikusikia kitu. Mtoto wa kwanza naye ameniambia hakusikia kitu. Viduara vilipanuka, vikapotea, ziwa likawa laini tena. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo wa mtumbwi, sikio lake karibu kugusa maji, na alikaa hivyo hadi hata wale wa ukingoni wakanyamaza.

Akainuka, akafungua kitambaa chake cha kichwa.

"Imezima," akasema, akainamisha kichwa apate kunyolewa.